Nimealikwa Mkutano wa Madaktari Vienna: Naanzia Wapi?

Swali hili husikika zaidi kwenye korido za hospitali kuliko kwenye ofisi za mawakala wa safari. Mtaalamu wa mionzi wa Mwanza, mkunga wa Mombasa, daktari wa watoto wa Goma: mmoja kapata barua pepe kutoka Ulaya, kaisoma mara mbili, kamwonyesha mwenzake. Mwenzake anakimbilia kuuliza nauli ni kiasi gani. Nauli ni jambo la mwishomwisho. Wanaokwama hukwama kwa sababu walianza na tiketi, au walilipa kabla ya kuuliza, au walifika ubalozini siku zimekwisha.

Ili tusizungumze hewani, sura hii itashika mfano mmoja. Ni Kongamano la Radiolojia la Ulaya, linaloandaliwa na Jumuiya ya Radiolojia ya Ulaya katika jiji la Vienna, mji mkuu wa Austria. Radiolojia ni tawi la tiba linalosoma picha za ndani ya mwili, kuanzia eksirei na ultrasaundi hadi zile mashine kubwa za sumaku. Kongamano hilo limefanyika Vienna tangu 1991, kwa kawaida mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ukumbi wake ni Austria Center Vienna. Kama wewe ni wa moyo au wa macho, na safari yako ni ya Madrid au Copenhagen, usiifunge sura. Mpangilio wa karatasi ni uleule. Yanayobadilika ni majina ya vituo vya treni.

## Je, mkutano wenyewe upo?

Kabla ya kuufurahia mwaliko, uchunguze. Kuna biashara kubwa ya mikutano isiyo na maana, na mingine haipo kabisa. Kampuni hukusanya anwani za barua pepe kutoka kwenye makala za kitaalamu, kisha huwatumia waandishi mwaliko uliojaa sifa. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS, iliyokuwa ikichapisha majarida na kuandaa mikutano, ilipe zaidi ya dola milioni 50. Mamlaka ya kulinda walaji ya nchi hiyo ilikuwa imeishtaki kwa kuwadanganya watafiti, na moja ya mashtaka lilikuwa kutangaza wasemaji mashuhuri ambao hawakuwa wamekubali kufika.

Majiji kama Vienna, Paris na Roma hupendwa sana na watu wa aina hiyo, kwa sababu jina la jiji pekee linatosha kumtoa mtu kitandani. Dalili za kutilia shaka ni hizi:

- Unaitwa "profesa mashuhuri" ilhali ndiyo kwanza umemaliza mafunzo kwa vitendo.
- Mkutano mmoja unachanganya saratani, uuguzi, lishe ya mifugo na magonjwa ya akili.
- Ikisari yako, yaani muhtasari mfupi wa utafiti unaoutuma ili upewe nafasi ya kuuwasilisha, inakubaliwa usiku uleule ulioituma.
- Ukumbi "utatangazwa baadaye".
- Hakuna chama cha kitaaluma nyuma ya mwandaaji, na pesa zinaelekezwa kwenye akaunti ya mtu binafsi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kumwendea mwenye ukumbi. Kumbi kubwa za Ulaya hutangaza kalenda zao wazi. Mkutano wa maelfu ya watu usioonekana kwenye kalenda ya ukumbi unaotajwa, uache upite.

## Karatasi huzaana

Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kila karatasi inahitaji karatasi iliyotangulia. Ukiruka moja, unarudi mwanzo huku tarehe zinakimbia.

Mfuatano wenyewe ni huu: unatuma ikisari, inakubaliwa, unajisajili na kulipa ada, mwandaaji anakutumia barua ya mwaliko, mwajiri anakupa ruhusa, na kama wewe ni mtumishi wa umma unaombewa kibali cha kusafiri nje ya nchi, ndipo unapeleka maombi ya viza, na viza ikishatoka, ndipo unalipia tiketi ya ndege. Waandaaji wengi hawatoi barua ya mwaliko kwa ajili ya viza mpaka ada iwe imelipwa. Kwa hiyo, kabla hujalipa, waulize kwa maandishi: viza ikikataliwa, mnarudisha kiasi gani? Mikutano yenye heshima ina jibu la swali hilo tayari, na wengi hurejesha ada ukiwapelekea barua ya kukataliwa.

Viza unayoihitaji ni ya Schengen. Hiyo ni ruhusa moja inayokufikisha katika nchi 29 za Ulaya, kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanaihitaji. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Austria ina ubalozi Nairobi. Kwingineko angalia tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Austria, maana nchi moja ya Schengen inaweza kupokea maombi kwa niaba ya nyingine.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ubalozi kufika hadi siku 45 ukihitaji kuchunguza zaidi. Ongeza foleni ya kupata miadi, ongeza sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya, ndipo utaona kwamba anayekwenda mkutano wa mwanzoni mwa Machi anapaswa kuwa amepeleka faili Novemba au Desemba. Februari ni kuchelewa.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi hata ukikataliwa. Ndani ya faili weka:

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na yenye kurasa mbili tupu.
- Bima ya safari inayogharimia matibabu hadi euro 30,000 au zaidi, kwa nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari.
- Barua ya mwaliko na uthibitisho wa kulipa ada.
- Nafasi ya ndege na ya hoteli iliyoshikiliwa tu, ambayo inaweza kufutwa.
- Taarifa ya benki ya miezi ya karibuni.
- Barua ya mwajiri inayotaja cheo chako, mshahara wako, na tarehe utakayorudi kazini.

Hiyo barua ya mwajiri watu huidharau. Afisa wa viza anajaribu kujibu swali moja: huyu atarudi? Barua isemayo "tunathibitisha kwamba ni mfanyakazi wetu" haimsaidii. Barua isemayo kwamba unatakiwa kuingia zamu wodini Jumatatu fulani inamsaidia sana. Na taarifa ya benki husomwa hivyohivyo: fedha nyingi zilizoingia juzi huzua maswali kuliko mshahara mdogo unaoingia kila mwezi bila kukosa.

Ukikataliwa, utapewa sababu kwa maandishi na haki ya kukata rufaa. Isome sababu kabla ya kukasirika. Mara nyingine ni bima iliyopungua siku moja.

Kama utafikia kwa ndugu anayeishi Vienna, Austria ina hati yake ambayo mwenyeji huiandikisha polisi, akiahidi kubeba gharama zako. Na ukikaa kwake zaidi ya siku tatu, lazima ujiandikishe kwamba upo. Hotelini kazi hiyo hufanywa mapokezi, nawe unatia saini tu.

Kwa ufupi: uliza habari ya kurudishiwa ada kabla ya kulipa, peleka faili miezi mitatu kabla, usinunue tiketi isiyorudishika mpaka uione viza.

## Nani atalipa?

Wataalamu wengi huona aibu kuuliza punguzo. Usione. Vyama vingi vya kitaaluma vina ada nafuu kwa wanaotoka nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa wanafunzi na kwa wauguzi na mafundi, ila hazibandikwi ukurasa wa mbele. Jumuiya ya Radiolojia ya Ulaya ina mpango unaowasaidia wanachama vijana walio mafunzoni kwa usajili wa bure na malazi. Soma masharti yake mapema, maana nafasi hugombewa.

Zamani kampuni za vifaa vya hospitali ziliwalipia madaktari safari moja kwa moja. Tangu Januari 2018 kampuni zilizo chini ya chama cha MedTech Europe zimejizuia kufanya hivyo kwa mikutano inayoandaliwa na wengine. Zinaweza kutoa ruzuku ya elimu kwa hospitali au chama, na hospitali au chama ndicho kinachochagua nani aende. Kwa hiyo ukimwandikia mwakilishi wa kampuni ya mashine za ultrasaundi akulipie nauli, atakujibu kwa adabu kwamba haiwezekani. Mwambie mkuu wa idara yako aandike kwa niaba ya taasisi.

## Kuingia Ulaya na kufika mjini

Kutoka kwetu njia za kawaida hupitia Addis Ababa, Istanbul, Doha au Dubai, na kutoka huko unatua Vienna moja kwa moja. Ukipitia Amsterdam au Frankfurt, ukaguzi wa pasipoti utafanyika huko, kwenye nchi ya kwanza ya Schengen unayoikanyaga, si Vienna. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuwaandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, na foleni ya mara ya kwanza huwa ndefu. Saa moja ya kubadilisha ndege haitoshi.

Afisa atakuuliza unakwenda wapi na kwa siku ngapi. Karatasi zile za faili ziwe mkononi, zisiwe kwenye sanduku lililoingia tumboni mwa ndege. Nyama, maziwa na samli haviruhusiwi kuingizwa kutoka nje ya Ulaya, hata kama ni zawadi ya shangazi. Dawa zako za kila siku chukua na cheti cha daktari.

Uwanja wa ndege uko Schwechat, kama kilomita 18 kutoka katikati ya jiji. Utakutana na matangazo ya treni ya kijani iitwayo City Airport Train, inayofika kituo cha Wien Mitte kwa dakika 16. Ni nzuri, na ni ghali bila sababu ya maana. Treni ya kawaida ya S7 inafika hapohapo kwa dakika kama 25 kwa nauli ndogo zaidi, na inaendelea hadi Praterstern. Ukishuka Praterstern, panda treni ya chini ya ardhi ya U1, yenye rangi nyekundu, inayoelekea Leopoldau. Kituo cha tatu ni Kaisermühlen, na Austria Center iko hapo nje, jirani na majengo marefu yaliyopinda ya Umoja wa Mataifa.

Uwanja wa ndege uko nje ya eneo la tiketi za jiji, kwa hiyo nunua tiketi inayounganisha safari yote. Tiketi ya karatasi isiyo na muda uliokwisha kuchapwa lazima uichomeke kwenye kile kimashine kidogo cha bluu ili igongwe muhuri kabla ya kupanda. Vituo havina mageti. Hakuna kondakta, hakuna anayekudai. Mgeni hudhani ni bure, mpaka siku watu wawili waliovaa nguo za kawaida waonyeshe vitambulisho na kumtoza faini inayozidi euro 100 papo hapo. "Sikujua" haipunguzi hata senti moja.

## Ulale wapi?

Wengi hutafuta hoteli inayogusana na ukumbi. Bei zake wakati wa kongamano hupanda hadi zinachekesha. Ushauri wangu ni kuifuata njia ya U1. Hiyo treni inapita Hauptbahnhof, ambacho ndicho kituo kikuu, inapita Karlsplatz na Stephansplatz kwenye moyo wa jiji, kisha inavuka mto Danube kukufikisha ukumbini bila kubadilisha. Mitaa ya Favoriten, karibu na vituo vya Keplerplatz na Reumannplatz, ina malazi ya bei ya wastani, na jirani yako atakuwa mwuza mikate Mturuki anayefungua alfajiri. Utatumia chini ya nusu saa kufika mkutanoni. Bei utakayoonyeshwa iulize kama imejumuisha kodi ya jiji.

Angalia pia kalenda. Februari ni msimu wa madansi makubwa ya Vienna, na lile la jumba la opera hufanyika Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu. Wiki hiyo vyumba huadimika.

## Cha kufungasha

Mwishoni mwa Februari joto la mchana hucheza kati ya sifuri na nyuzi nane au tisa, na usiku hushuka chini ya hapo. Baridi yenyewe inavumilika. Kinachouma ni upepo wa pale Kaisermühlen, kwenye uwanja ulio kati ya minara. Koti moja zito, skafu, na viatu vyenye soli isiyoteleza vinatosha. Ndani ya kumbi kuna joto la kuvaa shati. Ndiyo maana kila mahali utakuta kibanda cha kuachia makoti, kimeandikwa Garderobe, na mara nyingi hutozwa euro moja au mbili. Beba sarafu.

Plagi za Austria zina vijiti viwili vya duara. Chaja ya vijiti vitatu bapa vya kwetu haiingii. Nunua adapta Kariakoo au River Road kwa bei ya kwetu.

Kama unawasilisha bango, yaani utafiti uliochapwa kwenye karatasi kubwa ya kubandikwa ukutani, uliza kwanza kama wanataka la karatasi au la kompyuta. Kongamano la radiolojia limehamia kwenye mabango ya skrini. Kwa mikutano inayotaka la kubandika, lichapishe kwenye kitambaa: linakunjwa kama leso na haliulizwi chochote na watu wa ndege.

## Ndani ya ukumbi

Siku ya kwanza chukua beji, kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, jioni ya kabla ya ufunguzi kama inawezekana. Asubuhi ya ufunguzi foleni hutoka nje, kwenye ule upepo.

Wakati wa kujisajili utaulizwa cheo chako. Kijaze chote. Waaustria wanajali vyeo kuliko watu wengi wa Ulaya; mtu mwenye shahada ya udaktari huitwa kwa shahada yake hata benki. Utaulizwa pia kama wewe ni mtu mwenye idhini ya kuandika dawa. Swali hilo lina sababu. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza kutangaza kwa umma dawa zinazotolewa kwa cheti tu, kwa hiyo beji inaonyesha nani anaruhusiwa kwenye mabanda ya kampuni za dawa. Mumeo au mkeo uliyefuatana naye anaweza kuzuiwa mlangoni. Asikasirike na mlinzi.

Programu huandikwa kwa saa 24: kikao cha 14:00 ni cha saa nane mchana. Vienna iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi. Usiku wa kwanza utaamka saa tisa au saa kumi ukidhani kumekucha.

Sasa, kosa kubwa. Kumbi ni nyingi, vikao vinaenda sambamba, na mgeni hutaka kuona kila kitu kwa sababu nauli ilikuwa kubwa. Mwisho wa siku amekimbia korido nzima na hakusikia chochote hadi mwisho. Chagua vikao vitatu kwa siku. Kimoja kiwe cha ugonjwa unaouona kila wiki kwenye kituo chako. Kingine kiwe cha mafunzo ya vitendo, kwa mfano ultrasaundi ya kushika kifaa mwenyewe. Vikao vya aina hii hujaa mapema, na ni lazima ujiandikishe. Cha tatu kiwe cha mambo usiyoyajua kabisa. Mihadhara mingi hurekodiwa, utaisikiliza nyumbani. Watu hawarekodiwi. Saa utakazookoa, zitumie kusimama mbele ya mabango na kuzungumza na walioyaandika, maana anayesimama karibu na bango lake anaomba Mungu mtu mmoja tu asimame amsikilize.

Kwenye mabanda ya maonyesho, waulize wauzaji maswali wasiyoyapenda. Mashine hii inastahimili umeme unaokatika? Fundi wenu wa karibu nasi yuko nchi gani? Kipuri huchukua muda gani kufika? Wakikupa kalamu badala ya jibu, umeshajibiwa.

Pointi za mafunzo. Wataalamu wa afya hutakiwa kuendelea kujifunza hata baada ya leseni, na mafunzo hayo huhesabiwa kwa pointi. Kenya, kwa mfano, daktari hutakiwa kufikisha 50 kwa mwaka. Mikutano mingi ya Ulaya huidhinishwa na EACCME, chombo cha Umoja wa Madaktari Bingwa wa Ulaya, na kwa kawaida saa moja ya mafunzo huhesabiwa pointi moja. Beji huskaniwa mlangoni ili mahudhurio yako yaandikwe. Ukiingia bila kuskani, kwenye kumbukumbu hukuwepo. Cheti hupatikana mtandaoni baada ya mkutano, mara nyingi ukijaza kwanza dodoso la maoni. Kabla ya kusafiri, uliza baraza lako la madaktari au wauguzi wanataka uwasilishe nini ili pointi hizo zitambuliwe.

## Chakula, ibada, na Jumapili

Maji ya bomba Vienna yanatoka chemchemi za milimani kwa mifereji miwili mirefu, ya kwanza ikiwa imefunguliwa 1873 na ya pili 1910. Ni matamu na salama. Beba chupa yako. Maji ya kununua ukumbini ni kutupa pesa.

Kwa Mwislamu, tahadhari ya kwanza ni vibanda vya soseji: nyingi zina nguruwe. Ile nyama maarufu ya kupondwa na kukaangwa, ikiitwa Wiener Schnitzel, kisheria lazima iwe ya ndama; ikiandikwa "vom Schwein" ni nguruwe. Chakula cha halali hakina shida Favoriten, wala kwenye soko la Brunnenmarkt huko Ottakring, ambako utapata viungo, samaki na mkate wa moto. Austria iliutambua Uislamu kisheria tangu 1912, na msikiti wenye mnara wa Kituo cha Kiislamu uko karibu na kituo cha Neue Donau kwenye njia ya U6; ulifunguliwa 1979. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Usiogope: siku za majira hayo ni fupi, na mfungo wa Vienna unakaribiana na wa Zanzibar. Waulize waandaaji mapema kuhusu chumba cha sala.

Jumapili maduka hufungwa, karibu yote. Maduka ya vyakula yaliyo ndani ya vituo vikubwa kama Hauptbahnhof, Praterstern na Wien Mitte hubaki wazi, na siku hiyo utakuta jiji zima kwenye foleni zake. Dawa yoyote, hata ya maumivu ya kichwa, huuzwa duka la dawa tu, lenye alama ya A nyekundu. Usiku na Jumapili maduka hayo hufungua kwa zamu, na lililofungwa hubandika mlangoni jina la lililo wazi. Gari la wagonjwa ni 144; namba ya dharura ya Ulaya nzima ni 112.

Pesa ni euro. Kadi hukubaliwa sehemu nyingi, lakini mikahawa midogo bado hupenda noti. Bakshishi ni kama asilimia 5 hadi 10.

## Ukipata nusu siku

Watalii hupelekwa kasri la Schönbrunn. Linapendeza, na halitakukimbia. Lakini mtu wa afya aliyefika Vienna akarudi bila kuona hospitali ya zamani amekosa kitu.

Panda tramu namba 43 au 44 kutoka Schottentor, ushuke kwenye mtaa wa Alser Straße. Hospitali Kuu iliyofunguliwa 1784 sasa ni viwanja vya chuo kikuu, wanafunzi wamelala kwenye nyasi kukiwa na jua. Katika hospitali hiyo kulikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Wazazi walikufa kwa homa ya uzazi zaidi kwenye ile ya madaktari, na wanawake wa Vienna walilijua hilo. Waliomba wasipelekwe huko. Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi hiyo, aliona kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja kuzalisha. Katikati ya Mei 1847 aliagiza kila anayeingia anawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya wazazi 18 katika kila 100. Juni walikuwa kama 2. Wakubwa wake hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, na alifariki 1865 bila kukubaliwa. Mkunga yeyote wa kwetu aliyewahi kubishana na daktari bingwa juu ya ndoo ya maji ya kunawia anastahili kusimama pale dakika chache.

Kwenye viwanja hivyohivyo kuna mnara wa duara uitwao Narrenturm, uliojengwa 1784 kwa wagonjwa wa akili, na sasa umehifadhi mkusanyiko wa viungo vyenye magonjwa. Jirani, Josephinum ina sanamu za nta za mwili wa binadamu zilizotengenezwa Florence kufundishia madaktari wa jeshi. Hakikisha siku za kufungua kabla ya kwenda, maana makumbusho haya hayafunguliwi kila siku. Katika jiji hilihili ndimo Karl Landsteiner alimogundua makundi ya damu, mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Na kwa mtu wa mionzi, kuna kumbukumbu ya Guido Holzknecht katika bustani ya Arne-Carlsson-Park. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa fani hiyo Vienna, na mionzi ndiyo iliyomla mikono na hatimaye kumwua mwaka 1931. Ni umbali mfupi kwa miguu kutoka Josephinum.

## Kabla ya kupanda ndege ya kurudi

Ukinunua vitu vya zaidi ya euro 75 duka moja, unaweza kudai kodi irudishwe uwanja wa ndege, mradi uliomba fomu dukani na vitu hujavitumia. Fika saa moja mapema kwa ajili ya hilo.

Kisha kuna mhasibu wa kwenu. Aliyesafiri kwa fedha za taasisi ana siku chache za kurejesha masurufu baada ya kufika, na mhasibu atataka vipande vya pasi za kupandia ndege, risiti ya hoteli yenye jina lako, cheti cha kuhudhuria, na ripoti ya safari. Ripoti iandike kwenye ndege, ukurasa mmoja: mambo mawili yanayoweza kufanyika idarani bila bajeti mpya, na moja linalohitaji. Risiti za Vienna zitakuwa za Kijerumani; ziandikie maana yake kwa penseli nyuma, siku ileile uliyozipata, kwa sababu mwezi mmoja baadaye hata wewe hutajua kama ile ya euro mbili ilikuwa ya maji au ya kutundika koti.